Sufuria ya Daktari Abwola

Kawempe, Kampala
3 Juni 2024

Kwa Bi Nakhisa,

Mimi ni Akwero, dada mkubwa wa Mwalimu Aol, yule aliyekutumia sura tatu za kwanza za riwaya yake mwaka jana, nawe ukamjibu kwamba unangoja zilizobaki. Barua yako alikaa nayo kitandani hospitalini, chini ya mto. Aol alifariki tarehe kumi na saba Machi kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka arobaini na moja. Kitabu alikimaliza. Ndiyo maana nakuandikia.

Sura zote kumi na mbili zimo katika bahasha hii. Aliziandika kwa mkono katika madaftari ya shule, na sura ya tisa aliiandika wodini, mistari ikipanda na kushuka. Nimezipiga chapa mwenyewe. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya polisi kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo usiwe na wasiwasi: kila neno liko kama alivyoliandika. Nakutumia kwa basi kwa sababu barua za simu huwa nazifuta kwa kidole kabla sijazisoma.

Huenda umejiuliza kwa nini Mwacholi ameandika kwa Kiswahili. Sisi tulilelewa kambini, baba yetu alikuwa koplo. Mlango wa kushoto walikaa Walugbara, wa kulia Wateso, na bomba la maji lilikuwa moja. Kiswahili ndicho tulichotumia kugombania ndoo. Aol alisema lugha iliyompatia ndoo pale bombani inaweza kumfikisha hata mwezini.

Kila Jumapili alinisomea, amevaa sweta ya polisi ya marehemu baba, anatafuna kifuniko cha kalamu. Siku moja nilimuuliza, "Huyu Daktari Abwola wa mwezini ni wewe?" Akacheka. "Mimi? Mimi naogopa hata lifti!"

Mdogo wangu nimemzika. Daktari Abwola bado yuko hai, na sasa yuko mikononi mwako. Tafadhali mwangalie vizuri.

Wako,
Akwero (Mama Oyet)


Nairobi
24 Juni 2024

Mama Oyet mpendwa,

Pole sana kwa msiba. Nilikuwa nikimngoja Mwalimu Aol kwa hamu, na sikujua kwamba ningepokea kitabu chake bila yeye.

Nimekisoma kwa siku mbili. Nakitaka, na ninataka kitoke kabla ya tamasha la vitabu la Septemba. Lakini sisi tunachapisha riwaya za sayansi ambazo sayansi yake inasimama, na kila muswada hupitia kwa msomaji wetu wa fizikia, Mwalimu Mumbere. Ni Mkongo wa Butembo, anafundisha hapa Nairobi, na kalamu yake nyekundu haina huruma. Tumekwama pamoja kwenye sura ya tisa.

Unaikumbuka. Kituo kiko mwezini na kipimo cha ukutani kinaonyesha kwamba hewa ya ndani ni sawa. Wote wanaumwa kichwa na kila mtu anamficha mwenzake. Daktari Abwola yuko zamu ya jikoni. Anachemsha maharage na maharage hayaivi. Anatumbukiza kipima joto kwenye sufuria, anaona maji yanachemka kwa nyuzi tisini na moja, na hapo anajua kwamba kipimo cha ukutani kimekwama na hewa inavuja, kwa maana hewa ikipungua maji huchemka mapema.

Shida ya kwanza ni yangu. Nimesubiri muda mrefu kumpata mwanasayansi mwanamke wa namna hii katika riwaya ya Kiswahili, na saa yake kubwa kuliko zote inamkuta jikoni! Wasomaji watacheka.

Shida ya pili ni ya Mumbere. Anasema maji yakishuka kutoka nyuzi mia hadi tisini na moja, hewa iliyopotea ni zaidi ya robo. Daktari Abwola anasema ni moja ya sita, na kwa hesabu hiyo anawapa wenzake muda wa kulitafuta tundu. Mumbere ameandika pembeni: "Mwanasayansi huyu angewaua wote."

Tunapendekeza hivi. Kengele ilie. Mhandisi Kidega ndiye agundue uvujaji. Daktari Abwola aogope, alie kidogo, tuuone moyo wake, kisha azibe tundu. Tunaye mwandishi wa kuandika upya kurasa hizo. Nahitaji idhini yako kabla ya tarehe 31 Julai.

Wako kwa heshima,
Nakhisa


Kawempe, Kampala
2 Julai 2024

Kwa Bi Nakhisa,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Ahsante kwa kukipenda kitabu. Idhini sitoi.

Mhandisi Kidega ni mtu mzuri, lakini zamu ilikuwa ya Abwola. Tazama ukurasa wa themanini na nane: Kidega naye alipika, akaunguza wali, na hakuna aliyecheka kwa sababu ni mwanamume. Pale mwezini kila mtu anapika siku yake. Kuhusu kulia, Aol alilia mara moja tu katika miezi mitano ya hospitali, siku walipomletea chai isiyo na sukari. Moyo wake ulionekana vizuri tu bila hayo.

Nikueleze sufuria ile ilikotoka. Mwaka 1993 baba alihamishiwa Kapchorwa, kule mlimani. Siku ya tatu mama alipika maharage. Yalichemka tangu asubuhi hadi watoto wakaanza kulamba chumvi, na bado yalikuwa magumu. Mama akabeba sufuria nzima hadi sokoni, sisi nyuma yake, akaitua mbele ya muuzaji.

"Tangu asubuhi iko kwa moto! Umeniuzia mawe?"

Yule mama wa sokoni akachukua harage moja, akalitafuna bila haraka. "Bibi ya polisi, wewe umetoka chini. Huku juu maji inachemka mbio lakini haina nguvu. Ongeza kuni, punguza kelele."

Watu walicheka. Aol alikuwa msichana wa miaka kumi. Akamvuta yule mama kanga. "Kwa nini haina nguvu?"

"Aa, uliza serikali iliyowaleta!"

Aol hakuiuliza serikali. Aliuliza kila mwalimu aliyempata, mpaka akawa mwalimu yeye. Kwa hiyo usiniambie kwamba jikoni ni mahali pa aibu kwa mwanasayansi. Wa kwetu alianzia hapo.

Hesabu siwezi kubishana na Mwalimu Mumbere, mimi niliishia Senior Four. Nasema tu kwamba Aol hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Ziacheni kama zilivyo.

Akwero


Nairobi
15 Julai 2024

Mama Oyet,

Umenishinda kwenye sufuria. Inabaki, na Kidega anarudi kwenye wali wake.

Nikwambie jambo ambalo sikutaka kulisema. Nilisoma kemia miaka miwili chuoni. Katika kundi letu la maabara wavulana walipima, mimi nikaosha vyombo, na mwisho nikaondoka. Nilipomwona Abwola ameshika mwiko nilikasirika kwa ajili yangu mwenyewe. Nilipoisoma tena baada ya barua yako ndipo nikaona kwamba mwiko uko mkono mmoja na kipima joto kiko mkono wa pili.

Lakini namba ni namba. Watoto wa shule watapiga hesabu hii, na atakayegundua kosa ataacha kumwamini Abwola katika sura zote kumi na mbili. Mumbere ameirudia mara tatu. Kutoka mia hadi tisini na moja haiwezi kuwa moja ya sita, labda tubadilishe jibu, na tukibadilisha jibu hadithi yote ya sura ya kumi inavunjika, kwa sababu watakosa muda wa kulifikia tundu.

Uliniambia kila neno liko kama alivyoliandika. Nakuuliza kwa upole: liko? Tafadhali tazama tena madaftari. Kama kuna mahali ulisoma vibaya mwandiko, si dhambi. Niambie tu.

Nakhisa


Nairobi
23 Julai 2024

Mama Oyet,

Sijapata jibu. Mumbere ameanza kuandaa hesabu nyingine ya kuweka mahali pa ile. Sitaki kuitumia. Zimebaki siku nane.

Nakhisa


Kawempe, Kampala
26 Julai 2024

Kwa Nakhisa,

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na jambo la kusema na sikuwa na ujasiri wa kulisema. Sasa ninao.

Nilikudanganya. Sikuandika kila neno kama lilivyo. Katika sura ya tisa Aol aliandika kwamba maji ya pale kituoni, siku zote hewa ilipokuwa sawa, yalichemka kwa nyuzi tisini na sita. Ameandika hivyo mara tatu. Mimi nikaweka mia, mara zote tatu.

Ofisini kazi yangu ilikuwa hiyo. Afande analeta ripoti, ameandika tarehe 31 Juni, wewe unapiga chapa tarehe 30 na humwambii, naye anatia sahihi akidhani ameandika vizuri. Maofisa walinipenda kwa sababu hiyo. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumwaibisha mtu. Nilipofika kwenye tisini na sita nilisimamisha vidole. Kila mtoto wa Primary anajua maji huchemka kwa nyuzi mia. Kapchorwa ni mlimani, huko sawa, lakini Kampala kwangu ni chini, ni kawaida. Nikatazama ule mwandiko wa wodini unaopanda na kushuka, nikafikiri ugonjwa umemfika kichwani. Nikasema moyoni, mdogo wangu, hili nitakufichia.

Ulipoandika kuhusu moja ya sita niliogopa zaidi. Nilidhani nikikwambia ukweli mtaona makosa mawili badala ya moja, mtasema mwalimu wa fizikia hakujua hata maji yanachemka lini. Ndiyo maana nilikujibu kwa ukali kidogo. Ukali ule ulikuwa hofu.

Barua yako ya tarehe kumi na tano ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilichukua kipima joto cha Aol, kile cha kioo alichokifunga katika soksi, nikaenda Katwe kwa Abudu fundi wa mabati. Nilikuwa nimesikia kwamba aliwahi kumtengenezea Aol sufuria yenye tundu kwenye kifuniko. Nikamkuta anagonga sigiri ya mkaa.

"Abudu, nataka kuchemsha maji."

"Mama Oyet, umekosa moto Kawempe nzima?"

Nikamwonyesha kipima joto. Akaweka nyundo chini. Akaingia ndani, akatoka na ile sufuria, ina vumbi, kifuniko kina tundu sawasawa la kuingiza kioo. Aol aliiacha kwake maana alifanyia majaribio pale pale, Jumamosi, wanafunzi wamemzunguka na watu wa gereji wakipiga kelele.

Tukachemsha. Nikatazama ile mistari midogo kwa miwani yangu ya kushonea. Tisini, tisini na tatu, tisini na tano. Ikafika tisini na sita na maji yakawa yanaruka, kifuniko kinacheza. Nikangoja. Nikamwambia, "Ongeza mkaa."

"Hata umwage gunia zima, hiyo haipandi."

"Kioo kimeharibika."

Abudu akacheka mpaka akashika mlango. "Na mimi nilisema hivyo hivyo! Nilimwekea dau la soda, nikasema mwalimu, maji ni mia, hata mimi nilisoma. Akanunua kipima joto kingine, kipya, tukaweka viwili pamoja. Vyote tisini na sita. Nikamnunulia soda, akanywa mbele yangu pole pole, ananitazama hivi." Akanionyesha alivyotazama. Alikuwa yeye kabisa. "Akasema, Abudu, Kampala nayo iko juu. Sisi tuko mlimani na hatujui. Ile mia ni ya watu wa pwani, imeletwa kwa kitabu."

Nilikaa juu ya debe lake. Nilisoma shule ya kambini, nikajifunza mia, nikafaulu mtihani kwa kuandika mia, na maji ya chai niliyochemsha kila asubuhi ya maisha yangu hayajafika mia hata siku moja.

Nimerudi kwenye daftari. Ukurasa wa nyuma kabisa ameandika: "Hewa ya kituo iwe kama ya Kampala, ili mapafu yao yasione ugeni." Sikuupiga chapa kwa sababu nilidhani ni maelezo yake binafsi. Nakutumia nakala ya ukurasa huo na ya kurasa zote za sura ya tisa, kwa mwandiko wake. Hesabu apige Mwalimu Mumbere, aanzie tisini na sita.

Nakhisa, nimelia, lakini si kwa huzuni yote. Tangu Machi nilikuwa nimebeba wazo kwamba wiki zile za mwisho sikuzungumza na Aol, nilizungumza na ugonjwa. Kumbe alikuwepo. Mwandiko uliyumba, kichwa hakikuyumba.

Nisamehe kwa uongo.

Akwero


Nairobi
2 Agosti 2024

Mama Oyet wangu,

Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe 31, dereva wa basi aliniletea mwenyewe kwa sababu uliandika "haraka" mara nne juu ya bahasha.

Nilikwenda jikoni nikiwa bado nimevaa viatu vya kazini. Kipima joto nilikiazima kwa jirani anayetengeneza sharubati. Hapa Nairobi ni tisini na nne. Nimeishi hapa maisha yangu yote, nimesoma kemia, na sikujua. Chuoni tulipopima maji yanayochemka maabara, namba ilisoma tisini na nne, na mwalimu wetu akatuambia tuandike mia kwa sababu vifaa vyetu ni vibovu. Wavulana waliandika mia. Mimi niliyeosha vifaa hivyo nilijiona nimeviosha vibaya.

Nilimpigia Mumbere. Akaniomba niirudie namba mara mbili. Kisha akasema, "Dada Nakhisa, mimi ni mtoto wa Butembo. Mama yangu aliweka maharage motoni kabla ya misa ya kwanza, tukayala jioni. Na miaka kumi na tisa naandika mia ubaoni." Jioni hiyo alileta muswada ofisini kwa miguu yake. Kutoka tisini na sita hadi tisini na moja, hewa iliyopotea ni sehemu kumi na saba katika mia. Moja ya sita, kama alivyosema Daktari Abwola. Lile neno lake la kuwaua wote amelikata, na chini yake ameandika: "Kituo cha mama huyu ningepanda hata kesho."

Kwa hiyo sura ya tisa inakwenda mtamboni kama Mwalimu Aol alivyoiandika, na ule mstari wa hewa ya Kampala tunauweka mwanzoni mwa sura, mahali pake. Abwola halii. Kidega hagundui chochote.

Kosa la chapa halijatoka nje ya watu watatu, nami na Mumbere tumekubaliana libaki hapo. Nimeichana ile nakala ya kwanza. Hakuna atakayejua. Niandikie tu mistari michache kuhusu mwandishi, ya kuweka nyuma ya kitabu.

Mwanao,
Nakhisa


Kawempe, Kampala
9 Agosti 2024

Mwanangu Nakhisa,

Msalimie sana Mwalimu Mumbere. Mwambie Abudu wa Katwe anamdai soda, ameanzisha sheria kwamba kila msomi aliyeandika mia alipe.

Ahsante kwa kutaka kunificha. Najua wema huo, nimeufanya miaka ishirini na miwili. Lakini safari hii haufai. Mwezi wa nne, siku ya kumkumbuka Aol shuleni kwake, nilitoa nakala arobaini za sura ya tisa, nilizozipiga chapa mimi, na nikawagawia wanafunzi na walimu wenzake. Zote zina mia. Kuna watu mjini hapa walioisoma, wakapiga hesabu, wakasema moyoni kwamba mwalimu wao alikosea, nao kwa heshima ya msiba wakanyamaza.

Basi tangu Jumatatu nazitafuta. Nabisha mlango, nasema mimi ni dada yake, nina kosa langu ndani ya nyumba yako. Nakata mia kwa kalamu, naandika tisini na sita, natia sahihi pembeni. Nimezipata thelathini na moja. Mwalimu Ogwal, mkuu wa idara yao, alipoona nimeingia na kalamu alitoa nakala yake kwenye droo, akaniambia, "Nilijua si yeye. Aol angeniamsha kwa simu kwa kosa dogo kuliko hili." Tulicheka wote wawili, na nilitoka pale nikiwa mwepesi. Tisa zilizobaki siwezi kuzifikia; wengine wamehamia Gulu, wengine sijui. Kitabu chako kitafika nisikofika mimi.

Kwa hiyo mistari ya nyuma ya kitabu ni hii, uipige chapa bila kusahihisha:

"Aol alizaliwa katika kambi ya polisi, Kampala, akafundisha fizikia miaka kumi na sita. Alipima kabla ya kuandika. Katika nakala zilizogawiwa Aprili 2024, nyuzi mia ni kosa la karani wake, Akwero, ambaye ni dada yake. Yeye aliandika tisini na sita."

Usiniondoe hapo kwa huruma. Nataka jina langu liwe karibu na lake, na hilo ndilo jambo la kweli ninaloweza kuliandika chini yake.

Kwenye tamasha sitakuja, miguu yangu haipendi tena safari ya basi ya siku nzima. Mtakapoisoma sura ile mbele ya watu, ninyi wawili mkumbukeni Aol. Na ikibaki nafasi kidogo, mnikumbuke na mimi.

Akwero